Jinsi ya Kurekodi na Kuchambua Kicheko Katika Mazungumzo: Mwongozo Kamili

Anayetaka kuchunguza kicheko mara nyingi huanza kwa kutafuta vichekesho. Anawakusanya watu, anawaonyesha klipu, anahesabu waliocheka. Huko atapata sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Robert Provine wa Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, alifanya kinyume: yeye na wasaidizi wake walikwenda madukani na barabarani, wakasikiliza watu wakiongea, wakaandika kila kicheko na maneno yaliyokitangulia. Katika matukio 1200, maneno yaliyofanana na mzaha hayakufika 20%. Yaliyobaki yalikuwa maneno ya kawaida kabisa, ya aina ya "haya, mimi naenda" au "kumbe ulikuwepo". Tena msemaji alicheka 46% zaidi ya msikilizaji. Katika kazi yake nyingine, washiriki walioandika kumbukumbu zao za kila siku walicheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, ukiondoa redio, televisheni na vitabu.

Kwa hiyo kinachopimwa ni mambo matatu: nani amecheka, baada ya nini, na nani amecheka naye. Mwongozo huu unamfaa mwanafunzi wa isimu au saikolojia, mtayarishaji wa redio, na yeyote mwenye kompyuta ya kawaida na subira.

Hatua ya 1: Punguza swali

"Kwa nini watu hucheka?" si swali la utafiti mdogo. "Je, marafiki hucheka pamoja zaidi ya watu wasiofahamiana?" linafaa, kwa sababu unajua utahesabu nini na utalinganisha nani na nani. Moria Smoski na Jo-Anne Bachorowski waliuliza karibu hivyo mwaka 2003, wakaona kwamba kicheko kinachojibu kicheko cha mwenzio hutokea zaidi kati ya marafiki.

Panga jozi, si makundi makubwa. Guillaume Dezecache na Robin Dunbar walipowatazama watu katika baa, waligundua kwamba wanaocheka pamoja kwa wakati mmoja ni takriban watatu, hata kama meza ina watu wengi zaidi. Ukiweka watu saba chumbani utapata mazungumzo mawili au matatu yanayopandana, na hutajua kicheko ni cha mazungumzo yapi.

Jozi 12 za marafiki na jozi 12 za wasiofahamiana, dakika 30 kila moja, ni mwanzo mzuri: saa 12 za sauti. Julia Vettin na Dietmar Todt, waliorekodi mazungumzo Ujerumani, walipata takriban vicheko 6 kwa kila dakika 10. Kwa hiyo nusu saa itakupa vicheko 15 hadi 20 hivi, na rekodi ya dakika tano haitakupa kitu.

Kosa linaloharibu tasnifu nyingi liko hapa. Ukipata vicheko 400 katika jozi 24, huna data 400. Una data 24. Vicheko vya jozi moja vinategemeana, na mtu mmoja mcheshi anaweza kuvuta wastani wote upande wake. Piga hesabu ya kila jozi kwanza, kisha linganisha jozi kwa jozi.

Katika fomu ya washiriki, uliza pia uhusiano wao. Afrika Mashariki hili si jambo la kando. Mchaga na Mpare wakikutanishwa bila kujuana, hiyo si jozi ya wageni watupu: utani wa makabila yao unawapa ruhusa ya kukejeliana dakika ya kwanza, na anayetaniwa anatarajiwa acheke. Vivyo hivyo bibi na mjukuu, au mtu na shemeji yake. Utani una kanuni zake, na wanaanthropolojia wanauandikia tangu enzi za Radcliffe-Brown. Usipoandika "watani" kwenye fomu, jozi hizo zitakuonyesha ukaribu usiokuwepo.

Hatua ya 2: Ruhusa

Utafiti wa chuo unahitaji kibali cha maadili cha chuo chako. Ulizia pia tume ya sayansi na teknolojia ya nchi yako: kwa Tanzania COSTECH, kwa Kenya NACOSTI. Nchi zote mbili zina sheria ya kulinda taarifa binafsi (Kenya ya mwaka 2019, Tanzania ya mwaka 2022), na sauti ya mtu inayomtambulisha ni taarifa binafsi.

Fomu ya ridhaa itenganishe mambo matatu, kila moja na sahihi yake: kurekodiwa, kuhifadhiwa, na kuchezwa kwa wasikilizaji wengine. Watu wengi hukubali mawili ya kwanza na kukataa la tatu, na wana haki, maana penye kicheko mara nyingi pana umbea wa jirani. Wape siku 7 za kuomba sehemu ifutwe. Kurekodi kwa siri ili "wasijizuie" hakukubaliki, na hakuna haja: watu husahau kinasa baada ya dakika chache.

Hatua ya 3: Vifaa na mipangilio

Kila mtu awe na maikrofoni yake, ya kubana kwenye nguo, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, na kila maikrofoni iingie kwenye njia yake ya kinasa. Usidhani utazitambua sauti baadaye. Nadine Lavan na wenzake walionyesha kwamba watu hushindwa zaidi kusema kama vicheko viwili ni vya mtu mmoja pale vicheko hivyo vinapokuwa vya kutoka moyoni, kwa sababu sauti hubadilika mno. Maikrofoni moja katikati ya meza inakuondolea jibu la swali la "nani".

Mipangilio ya kinasa:

- Faili ya WAV, 48 kHz, biti 24. Njia mbili hula takriban megabaiti 17 kwa dakika, yaani gigabaiti 1 na kidogo kwa saa.
- Zima marekebisho ya sauti ya kujiendesha. Kifaa kikipunguza sauti chenyewe kila mtu anapocheka kwa nguvu, kicheko kikubwa na kidogo vitatoka sawa.
- Zima kichujio cha kelele. Programu nyingi za mikutano ya video huhesabu kicheko kisicho na maneno kuwa kelele na kukifuta.
- Maongezi ya kawaida yasome karibu na desibeli -20 kwenye mita ya kinasa. Kicheko hupanda ghafla juu ya usemi, na ukiweka maongezi kwenye -6, kicheko cha kwanza kitapasuka. Sauti iliyopasuka haitengenezeki.

Ukitumia simu mbili badala ya kinasa, piga makofi mara moja mwanzoni na mara moja mwishoni mbele ya zote mbili. Makofi ya mwanzo yanakusaidia kuzilinganisha, ya mwisho yanakuonyesha kama saa za simu hizo zimeachana. Usitumie ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwani sauti yake imebanwa. Na kama unachunguza ndugu wanaozungumza kwa mtandao, mmoja Muscat na mwingine Mombasa, kila upande urekodi kwa kifaa chake mezani. Lakini usipime nani alimfuata nani kwa kasi gani, maana ucheleweshaji wa mtandao umeshavuruga muda huo kabla haujawafikia masikioni.

Chumba kiwe na zulia, mapazia au magodoro. Feni izimwe, friji pia. Mvua juu ya bati inamaliza kikao, ahirisha.

Hatua ya 4: Kikao chenyewe

Washa kinasa kabla ya salamu. Salamu zetu ni ndefu na kicheko kingi kimo humo, hivyo anayesubiri "mazungumzo yaanze" anaipoteza sehemu tamu. Kisha waache. Wape mada nyepesi kama kupanga safari au kulinganisha vyakula vya utotoni, na utoke chumbani. Mtafiti akikaa humo, watu humchekea yeye.

Wasiofahamiana hucheka sana dakika za kwanza, kwa adabu na wasiwasi. Usizifute dakika hizo, zichambue peke yake.

Hatua ya 5: Kuweka alama katika ELAN

ELAN ni programu ya bure kutoka Taasisi ya Max Planck ya Saikolojia-Isimu, Nijmegen. Ingiza faili, tengeneza tabaka tano, yaani mistari ya alama inayokwenda sambamba na sauti: CHEKA_A, CHEKA_B, MSEMAJI (nani anaongea), KABLA na SAUTI_NYINGINE.

Sikiliza kwa spika za masikioni, njia moja kwa wakati mmoja. Kwa kila kicheko weka mwanzo na mwisho, kisha alama moja:

G: kicheko ghuna, nyuzi sauti zinatetema, "hahaha" au "hehehe" unayoisikia wazi.
S: sighuna, pumzi tu, mguno, au mkoromo wa puani.
M: mchanganyiko.
N: kicheko ndani ya neno, mtu anasema huku anacheka.
T: sauti ya tabasamu, bila kicheko chenyewe.

Tofauti ya G na S si urembo. Bachorowski na Michael Owren waliona kwamba kicheko ghuna humvutia msikilizaji na kumfanya ampende aliyecheka, ilhali kile cha pumzi na mkoromo hakifanyi hivyo kwa kiwango hicho. Ukivijumlisha, unalifuta jambo lenyewe.

N nayo ina mtego wake. Provine alipata mara 8 tu, kati ya vicheko 1200, ambapo kicheko kilikata sentensi ya msemaji. Lakini wasaidizi wake walisikiliza kwa masikio matupu hadharani. Wanaofanya kazi na rekodi hupata usemi uliochanganyika na kicheko mara nyingi zaidi. Evangeline Nwokah na wenzake walikuta sehemu kubwa ya vicheko vya akina mama wanaozungumza na watoto wao wachanga vimeingia ndani ya maneno. Ukirekodi vizuri, tarajia N nyingi, na usizilazimishe kuwa G.

Kicheko kimoja kinaanzia na kuishia wapi? Mlio mmoja wa "ha" huchukua takriban milisekunde 75, na milio hujirudia kila milisekunde 210 hivi, kwa hiyo kwenye spektogramu, yaani picha ya sauti, utaona mistari iliyosimama takriban mitano kwa sekunde. Amua mapema: kimya kinachozidi milisekunde 500 kinafunga kicheko, kinachofuata ni kipya. Pumzi inayovutwa mwishoni ihesabiwe ndani. Kanuni nyingine inaweza kufaa vilevile, mradi usiibadilishe katikati ya kazi.

Tabaka la KABLA liandikwe neno kwa neno: sentensi moja iliyotangulia kicheko. Baadaye mtu mwingine, asiyesikia kicheko, azisome sentensi hizo na kusema ipi inachekesha. Ukiipima wewe uliyekwisha kusikia watu wakicheka, kila sentensi itaonekana ya kuchekesha.

SAUTI_NYINGINE ni ya msonyo, mguno, kilio, vigelegele na "eeh!" ya mshangao. Disa Sauter na wenzake waliwapelekea Wahimba wa kaskazini mwa Namibia sauti za hisia za Waingereza, na za Wahimba wakawapelekea Waingereza. Pande zote zilitambua hasira, hofu, huzuni, kinyaa na mshangao. Upande wa furaha, kicheko ndicho kilichovuka, na sauti za ushindi au faraja hazikuvuka vizuri. Usidhani basi kwamba msonyo wako atauelewa kila mtu, na usiuchanganye na mkoromo wa puani unaoambatana na kicheko.

Andika unachosikia, si hisia unayoidhani. Mwaka 1962 huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana wa shule ya bweni walianza kucheka bila kujizuia tarehe 30 Januari. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa, na shule ikafungwa tarehe 18 Machi. Mtandaoni kisa hiki husimuliwa kama kichekesho kilichoambukiza. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walieleza kicheko pamoja na vilio na mahangaiko, na leo huhesabiwa kuwa hali ya kisaikolojia inayowapata watu wengi kwa pamoja penye dhiki. Aliyeandika "furaha" mahali pa "kicheko" angekosea kabisa.

Hatua ya 6: Mtu wa pili

Mtu wa pili aweke alama 20% ya rekodi bila kuona zako. Gawa rekodi katika vipande vya sekunde moja, hesabu mlipokubaliana, kisha tafuta kapa ya Cohen, kipimo cha makubaliano kinachoondoa yale ya bahati tu. Usiridhike na asilimia ya makubaliano. Tuseme mna sekunde 1800. Wote mmesema "kicheko" mara 120, wote "hakuna" mara 1610, wewe peke yako mara 40, mwenzako peke yake mara 30. Makubaliano ni 96%, inasikika ajabu. Lakini kwa kuwa muda mwingi hakuna anayecheka, hata wanaobahatisha wangekubaliana 84% hivi. Kapa ni (0.961 − 0.843) ÷ (1 − 0.843), yaani takriban 0.75. Inatosha. Ikiwa chini ya 0.6, kaeni pamoja na kusikiliza mlipopishana. Karibu kila mara tatizo ni S na T.

Hatua ya 7: Kupima sauti kwa Praat

Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, nayo ni ya bure, na ELAN inaweza kuitolea alama zako kama faili za TextGrid, ambazo Praat huzisoma. Ukitaka kujua kidatu, yaani ujuu na uchini wa sauti, badilisha mipangilio kwanza. Ukomo wa juu wa kawaida huwa kati ya 500 Hz na 800 Hz kulingana na toleo, na kicheko hupita 1000 Hz bila taabu. Weka 1500. Ukomo wa chini wa 75 Hz hufanya Praat itazame vipande vya milisekunde 40, zaidi ya nusu ya mlio mzima wa "ha". Ukiupandisha hadi 120 Hz, vipande vinakuwa vya milisekunde 25 na mlio hauchafuliwi na kimya cha pembeni.

Kisha kagua kwa macho. Thamani ikiruka ghafla kuwa nusu au maradufu ya jirani yake, programu imekosea oktava. Tumia wastani wa kati (namba iliyo katikati zote zikipangwa kwa ukubwa) badala ya wastani wa kawaida. Kwa S usipime kidatu kabisa, kwa sababu nyuzi sauti hazikutetema. Namba utakayopewa ni ya kubuni.

Ukubwa wa sauti ulinganishe tu kama umbali wa maikrofoni haukubadilika. Umbali ukiongezeka mara mbili, unapoteza takriban desibeli 6, na mtu akicheka hujirusha nyuma.

Kicheko cha kutoka moyoni huwa na kidatu cha juu zaidi na milio mifupi, na cha makusudi huelekea kusikika kama cha puani. Usikitenge kwa namba pekee. Wape wasikilizaji wasiohusika wapime, na klipu ziwe na nguvu sawa ya sauti, mpangilio wa nasibu, na ncha zilizolainishwa kwa milisekunde 15 ili zisitoe mlio wa kukatika. Wala kicheko cha makusudi si uongo: hicho ndicho kinachobeba adabu ya kila siku, kumfanya mgeni atulie, kulainisha ombi la mkopo.

Hatua ya 8: Kicheko cha pamoja

Hesabu kuwa cha pamoja kicheko cha B kinachoanza wakati A anacheka, au ndani ya sekunde moja baada ya A kumaliza. Lakini wanaocheka sana watagongana hata kwa bahati. Chukua tabaka la B, lisogeze kwa muda wa nasibu (dakika 7, dakika 13, na kadhalika, kilichozidi mwisho kirudi mwanzo), hesabu upya, rudia mara 1000. Kama hesabu halisi inazidi 95% ya hesabu hizo, jozi hiyo kweli inacheka pamoja. Bila hatua hii utasema watu wana uhusiano, kumbe wote wawili ni wacheshi tu.

Inafaa pia kuwasikilizisha wengine. Greg Bryant na wenzake walichukua klipu za sekunde moja za Wamarekani wawili wakicheka pamoja, wakazipeleka kwa wasikilizaji 966 katika jamii 24. Waliulizwa kama wawili hao ni marafiki au la, na walipatia takriban 61%, ilhali kubahatisha ni 50%. Sekunde moja ina habari, ila si nyingi. Anayekuahidi kusoma ndoa ya mtu kwa kicheko kimoja anauza maneno.

Hatua ya 9: Kupima ukaribu

Dunbar alipima uvumilivu wa maumivu kabla na baada ya kucheka, akaona unapanda watu wakicheka pamoja, jambo analolihusisha na endofini, kemikali ya mwili inayopunguza maumivu. Mwaka 2017 watafiti wa Turku, Finland, waliona kwa picha za ubongo za PET dalili za kemikali za jamii hiyo kutolewa baada ya kicheko cha pamoja. Usijaribu kipimo cha maumivu bila maabara na kibali chake. Tumia kipimo cha Arthur Aron cha mwaka 1992: picha 7 za duara mbili, kuanzia zisizopandana hadi zinazokaribia kufunikana, na mshiriki anachagua inayomfanana yeye na mwenzake. Inachukua nusu dakika na haihitaji kusoma. Iulize kabla na baada, kila mtu peke yake, mwenzake asione.

Ukikuta jozi zilizocheka pamoja zimejipa picha za karibu zaidi, andika "vinaambatana". Huenda kicheko kimeleta ukaribu, huenda ukaribu umeleta kicheko. Ukitaka kujua, gawa jozi za wasiofahamiana kwa kura: nusu watazame pamoja klipu ya dakika 10 inayochekesha, nusu ya mandhari ya milima, kisha kila mmoja aandike mambo matano ya kumjulisha mwenzake. Alan Gray, Brian Parkinson na Dunbar walifanya karibu hivyo mwaka 2015, na waliocheka waliandika mambo ya ndani zaidi, ingawa wenyewe hawakujiona wamejifungua zaidi. Kwa hiyo usiwaulize washiriki kama wamejifungua. Wapime wasomaji wawili wa nje, kwa mizani ya 1 hadi 10, bila kujua nani alitazama nini.

Hifadhi WAV asili mahali pawili, moja nje ya nyumba, na majina ya washiriki katika faili tofauti yenye nenosiri. Alama za ELAN zihifadhiwe na tarehe kila jioni, kwa sababu utarudi kuzibadilisha utakapobishana na mtu wa pili kuhusu S.